Namna Umeme Ulivyoshuka kwenye Bomba Letu

Watu wakija nyumbani kwetu Gihosha, mtaa wa mlimani unaotazama ziwa, wanasimama uani, wanainua macho, wanaangalia kinu chetu cha upepo, na swali lao ni lilelile: mapanga umeyatoa wapi? Nawaambia ni tiyo, bomba la plastiki la maji, nimeipasua kwa urefu. Wanafurahi, wanapiga picha kwa simu, wanakwenda zao. Hajatokea hata mmoja wa kuniuliza umeme unashukaje. Na kazi yote ilikuwa hapo.

Juu ya bomba la chuma la mita tano kuna kichwa: mapanga mbele, mkia nyuma, dinamo katikati. Kichwa lazima kigeuke, maana upepo haukai upande mmoja. Lakini bateri iko chini jikoni, na bateri haigeuki. Ukifunga waya juu na chini, kila upepo unapogeuka waya unajisokota kama nguo inayokamuliwa. Usipoufunga, umeme unabaki juu huko na ndege.

Mimi ni sudere. Nachomelea milango na madirisha katika atelieri moja Kamenge. Shule ya ufundi niliiacha mwaka wa pili, kwa hiyo umeme naujua kwa kuona na kwa kupigwa nao. Jioni huwa naandika daftari, kama tunavyoandika vipimo vya milango kazini, na haya nayatoa humo. Pale daftari linaponyamaza nitasema limenyamaza.

Kinu kilijengwa kwa sababu ya mayai. Mke wangu ana kuvezi, sanduku la kutotolea vifaranga, nililomtengenezea kwa friji iliyokufa. Lina taa ndani za kupasha joto. Wamama kumi na wawili wa kanisani kwake walimpa mayai ya kuku wao wenyewe, matano kila mmoja, kila yai na alama ya penseli. Mayai yanataka joto siku ishirini na moja bila kukatizwa. Siku ya kumi na saba umeme wa mji ulikwenda, ukarudi kesho yake jioni. Mke wangu aliyapasua yale mayai nyuma ya nyumba, moja baada ya jingine, kuona. Mengine yalikuwa na vifaranga vyenye manyoya tayari. Jumapili alisimama mbele ya wale wamama akawaeleza. Wakamwambia si kitu, wakamwahidi mayai mengine. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma. Walisema si kitu, lakini nyuso zao zilikuwa zinasema jambo jingine, na sikuwalaumu.

Kurudi nyumbani akaniambia, "Hii mara ya pili wakikufa tena, hiyo kuvezi yako utawekea viatu. Mi siendi tena kusimama mbele ya wale bamama."

"Watakaa na joto."

"Joto la nani? La mji?"

"La upepo," nikasema. Nilisema kabla ya kufikiri, nakiri. Lakini nilishalisema.

Dinamo alinisukia fundi mmoja wa kusuka mota, mtu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, ana kibanda hatua chache kutoka atelieri yetu. Kila mtu Kamenge anajua sheria yake. Akiwa anasuka anahesabu mizunguko ya waya wa shaba kwa sauti, na ukimkuta hivyo humsalimii. Hata mwenye nyumba akija kudai kodi anasimama mlangoni akingoja. Akimaliza koili ndipo anageuka na kuitikia salamu ambayo hukumpa. Wengine wanamwambia ahesabu kimya, au aandike ukutani kwa chaki. Anasema chaki ni ya wasiojiamini kichwa.

Dinamo ilipokuwa tayari tukaanza kubishana juu ya kushuka.

"Waya wa kuning'inia?" akacheka. "We sudere, unataka kufunga ng'ombe ama umeme?"

"Umeme, papa. Kamba ni ileile."

"Apana. Umeme unapita kwa pete. Fungua demareri ya gari, ile mota ya kuwashia: pete na makaa. Makaa yanalala juu ya pete, pete inazunguka, umeme unapita, hakuna kitu cha kusokota. Bazungu hawakuwa bajinga."

"Bazungu walikuwa na mashine ya kukata pete duara kabisa. Mi niko na tupa."

"Basi piga tupa, acha mudomo."

Nikapiga tupa. Nilikata pete mbili za shaba, nikazivalisha kwenye kipande cha plastiki chini ya kichwa, naye akatafuta yale makaa madogo meusi ya demareri na springi za kuyasukuma. Tulipandisha kinu Jumamosi asubuhi. Adhuhuri upepo wa ziwani ukaja, kichwa kikageuka polepole kama mtu aliyeitwa, na taa ya jikoni ikawaka. Mke wangu aliizima akaiwasha mara tatu. Nilijisikia mrefu.

Pete zilifanya kazi siku kumi na moja. Kisha taa ikaanza kukonyeza, na ukisimama chini ya bomba ulisikia kitu kama mafuta yanayoruka kwenye kikaango. Fundi alipanda mwenyewe, akashuka na makaa yameliwa upande mmoja.

"Ni springi zangu," akasema. "Ni legevu."

Nikampinga. Zile springi hazikuwa na kosa. Bomba lile nililiunga kwa vipande viwili, na pale kwenye kiungo limepinda kiasi cha unene wa sarafu, kwa hiyo kichwa kinacheza, makaa yanaruka, cheche zinatoka. Yeye akashikilia springi, mimi nikashikilia bomba, mpaka mke wangu aliyekuwa akichambua maharage karibu na mbabula, jiko letu la makaa, akauliza kama tunashindania nani ni mbaya zaidi.

Kununua bomba jipya zima hatukuweza. Basi tukarudi kwenye wazo langu, na hapa niseme ukweli: fundi hakukubali kwa sababu nilimshinda kwa maneno. Alikubali alipoona waya wenyewe. Nilikuwa na waya mzee wa mashine ya kuchomelea. Huo ni mnene lakini laini, ndani una nyuzi nyembamba kama nywele, unaweza kuukunja mwaka mzima usikatike. Aliuzungusha mkononi, akaunusa, akasema, "Huu unaweza." Tukatundika nyaya mbili ndani ya bomba, uzito wake ukiwa kwenye mnyororo mdogo ili shaba isivutwe. Chini, kwenye usawa wa goti, nikakata kidirisha bombani, na hapo tukaweka plagi na prizi, tundu lake. Waya ukishajisokota sana unachomoa plagi, unauacha ujisokotoe wenyewe, unachomeka tena.

Mara ngapi? Hilo ndilo lilikuwa swali.

"Kwa mwaka mara moja," nikasema. "Upepo wa hapa unakwenda na kurudi. Mchana unatoka ziwani, usiku unashuka milimani. Waya unajisokota mchana, unajisokotoa usiku."

"Ni kweli," fundi akasema. "Na huo wa mchana unatoka kwetu Kongo. Unavuka ziwa bila karatasi."

"Tunaupigia muhuri jioni ukirudi."

Tukacheka sana. Mke wangu hakucheka.

"Nani aliwaambia unarudi njia ileile?" akauliza.

"Utarudi wapi, mama?" fundi akamwambia. "Ziwa liko pale, milima iko pale. Njia ni moja."

"Mi napika hapa inje kila siku. Asubuhi nakaa upande huu wa mbabula, moshi usiniingie machoni. Saa sita nahamisha kiti pale. Jioni pale. Giza likiingia nakaa kwa ukuta. Sijawahi kurudisha kiti nyuma. Nazunguka tu."

"Mama, moshi wa uani na upepo wa juu ni vitu viwili," fundi akamjibu kwa heshima.

Mimi nilimwambia vibaya zaidi. Nilimwambia maharage yanaungua. Hayakuwa yanaungua. Hilo daftari halikuliandika, nalikumbuka mwenyewe.

Kwa upande wetu, naweza kusema hivi: kila mtu aliyekulia kwenye ziwa hili, awe wa ng'ambo ile au hii, anasema upepo unakwenda kazini na kurudi nyumbani. Tumelisema tangu utotoni. Na sisi wanaume wawili hatupiki nje.

Wiki karibu tatu zikapita, taa inawaka vizuri, ndipo mke wangu akaenda kuwaomba wale wamama mayai waliyomwahidi. Akayaweka kwenye kuvezi, sitini, kila yai na alama yake. Umeme wa mji ukiwapo, taa za mji zinapasha. Ukikatika, taa za gari nilizofunga kwenye bateri zinachukua zamu. Mara nne ulikatika, mara nne mayai hayakujua. Asubuhi, mchana na jioni mke wangu aliyageuza, na jioni ya siku ya saba aliyamulika kwa tochi akaniita nione mishipa myekundu ndani ya ganda, myembamba kama zile nyuzi za waya wangu. Siku hizo niliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa kuliko kawaida.

Siku ya kumi na mbili, saa nane mchana, nikiwa na kofia ya kuchomelea kichwani, simu ikalia.

"Hiki kitu chako kinalia kama ndege ya Melchior," sauti ya mke wangu ikasema. Ndivyo anavyoiita helikopta yoyote, sijui alilitoa wapi jina hilo. "Na taa ya mayai imekuwa nyekundu. Mji hauna moto tangu asubuhi."

"Plagi imechomoka. Irudishe."

"Haiko. Kidirisha ni kitupu."

Nilielewa nikiwa bado nimeshika simu. Kinu kikiwa kimefungwa kwenye bateri kinafanya kazi, na kazi inakizuia. Kikifunguliwa hakina mzigo, kinazunguka bila breki, na mapanga ya plastiki yanaweza kuruka hadi kwa jirani. Na bateri ile ilikuwa nzee. Ikiachwa peke yake haifiki jioni.

"Toa watoto wa jirani uani," nikamwambia. "Mi nakuja na fundi."

Nikakimbia kibandani. Alikuwa amegeukia ukuta, anahesabu. "Mia mbili arobaini na moja. Mia mbili arobaini na mbili." Ilikuwa mota ya pampu ya mtu, koili ndefu. Nikasimama mlangoni. Sitaki kujisifu kwamba nilikuwa na adabu. Ulimi wenyewe ulikataa, kwa mazoea. Nilihema tu, kofia bado kichwani. Alifika mia mbili hamsini, akageuza shingo bila kuacha kuvuta waya, akaniona uso. Akasimamisha mkono. Aliangalia huku na huku mezani, akachukua kipande cha chaki alichokiacha hapo fundi cherehani wa jirani, akaandika 253 ukutani, akasema, "Twende."

Kutoka Kamenge hadi kwetu ni kupanda. Tulikwenda nusu tukitembea, nusu tukikimbia, na yeye si kijana. Mlio tuliusikia kabla ya kuona nyumba.

Mke wangu hakuwa amekaa kutungoja. Mbabula ilikuwa inawaka, masufuria mawili ya maji juu yake, na ndani ya kuvezi alikuwa ameshaweka bidoni mbili, madumu madogo, za maji ya moto zilizofungwa vitenge. Kipimajoto alikuwa amekitundika shingoni kwa uzi.

"Thelathini na sita," akatuambia. "Naweza kushikilia saa moja, labda mbili. Makaa yakiisha, basi."

Fundi akachuchumaa kwenye kidirisha, akamulika kwa simu. Waya ulikuwa umejisokota hadi ukajipiga mafundo ndani ya bomba, na kila fundo lilikula urefu. Ulivuta plagi ukaitoa kwenye prizi na kuipandisha mpaka usawa wa kifua changu. Juu, kichwa hakikutazama ziwa tena. Kilijaribu kugeuka, kikavutwa nyuma, kikajaribu tena, kama mbuzi aliyemaliza kamba.

Nikaingiza ndoana ya waya kutoka chini. Ilishika plagi, haikushuka.

"Usivute!" fundi akapiga kelele. "Ukikata hapo juu, hakuna mutu atapanda na mapanga yale!"

"Basi nakata bomba."

"Utakata na nini? Moto hakuna!" Kwetu moto ni umeme, na bila huo mashine ya kukatia ni chuma tu.

"Kwa mukono."

Nilichukua msumeno wa chuma. Hapa sikuwa na shaka, na naandika hivyo bila kuona haya, kwa sababu chuma ni kazi yangu. Nilikata mstari mmoja usawa wa kifua na mwingine chini yake upana wa kiganja, si zaidi, ili bomba lisikose nguvu, nikamalizia pembeni kwa tindo. Bomba lilikuwa linatetemeka mpaka meno yangu yakagongana. Mke wangu alipita nyuma yetu na sufuria mara mbili. Mara ya pili alisema tu, "Thelathini na tano na nusu."

Kipande kikaanguka. Plagi ilikuwa pale, imeinama. Fundi akaishika kwa koleo lenye mpira, akaweka bisibisi kwenye miguu miwili ya plagi kwa mpigo, cheche moja ikaruka, na juu mapanga yakaanza kupungua. Nyaya zikigusana, dinamo inajizuia yenyewe. Hilo lilikuwa wazo lake, mimi nisingelijua. Mlio ukashuka ukawa mvumo, mvumo ukawa pumzi. Akaifunga bisibisi pale kwa waya mwembamba, akaachia plagi ijizungushe, na waya ukaanza kujisokotoa.

Naye akaanza kuhesabu. Mke wangu alitaka kusema kitu, nikamwinulia mkono, akanyamaza. Tulisimama watatu tukiangalia plagi ikizunguka kama mtu anayecheza peke yake, fundo baada ya fundo likifunguka kule ndani.

"Thelathini na tatu," fundi akasema. "Yote upande mumoja."

Nikaenda kuchukua daftari. Tangu siku tuliyochomeka plagi zilikuwa siku thelathini na moja. Mizunguko miwili iliyozidi sijui ilitoka wapi, labda ile mvua kubwa. Nilimuuliza fundi kama huenda alikosea hesabu. Akanigeuzia mgongo, akaanza kuipangusa plagi.

"Mumoja kwa siku," mke wangu akasema. Alihamisha kiti chake, akakaa upande wa pili wa mbabula, kwa sababu moshi ulikuwa umeanza kumfuata.

"Mama," fundi akasema, "samahani ya ule moshi."

"Na maharage?" akauliza akiniangalia mimi.

"Hayakuwa yanaungua," nikasema.

Tulichomeka plagi tena, taa ya mayai ikapanda kutoka nyekundu hadi njano, hadi nyeupe. Fundi akashuka kurudi kwenye 253 yake.

Tangu siku hiyo kila asubuhi, akishageuza mayai, mke wangu anachomoa plagi, anaizungusha mara moja kinyume cha mwendo wa kiti chake, anachomeka. Haimchukui muda wa kukoroga chai. Nilifikiri kurudia pete siku nikipata bomba lililonyooka, na bado naamini fundi alikuwa sahihi kuhusu pete, kama bomba lingekuwa la mtu mwingine. Lakini hii inafanya kazi, na sioni sababu ya kuigusa.

Siku ya ishirini na moja vifaranga walianza kugonga maganda saa tatu asubuhi. Hadi kesho yake tulikuwa nao arobaini na mmoja. Kumi na tisa hawakutoka. Sijui kama ni ile alasiri ya maji ya moto iliyowaua au walikuwa hawana uhai tangu mwanzo, na mke wangu pia hajui, na ndivyo alivyowaambia wale wamama walipokuja uani Jumapili na makapu yao.

Hakuficha. Aliwasimulia plagi iliyopanda bombani, msumeno, bidoni, kipimajoto. Akasema, "Mume wangu na fundi walisema upepo unakwenda na kurudi." Wamama wakapasuka kucheka, kila mmoja akaanza kuonyesha kwa mkono moshi wake unavyozunguka kwake: mmoja wa Kamenge, mwingine wa kule chini Rohero anakopikia watu wa ofisi. Nilitazama viatu vyangu. Ilikuwa haki yao.

Kisha akagawa, kwa alama za kwenye maganda aliyoyatunza. Wengine walipata watatu, wengine wanne. Mama mmoja, mjane, mwenye alama ya msalaba mdogo, hakupata hata mmoja. Mayai yake yote matano yalikuwa kati ya yale kumi na tisa. Mke wangu alimwonyesha. Nilimwona mke wangu amesimama wima, mikono ubavuni, anangoja.

Yule mama aliyageuza mayai yake mkononi, moja moja.

"Ule waya," akauliza, "nani anauzungusha sasa?"

"Mimi," mke wangu akasema.

"Kila siku?"

"Kila asubuhi."

Akafungua kapu lake. Ndani, kwenye majani makavu ya ndizi, kulikuwa na mayai matano mengine. Alikuwa ameshakuja nayo. Akamwomba mke wangu penseli.